Mwalimu, Mbona Hukusema

Hedaru, wiki ya Krismasi

Mwalimu wangu Eliwaza,

Shikamoo. Siku zote ulikuwa unaitikia kabla sijamaliza kuitamka, kana kwamba marahaba yako ulikuwa umeishika mkononi, unangoja tu nifungue mdomo. Leo nimeandika shikamoo nikatulia kidogo, kwa mazoea. Haya. Niendelee.

Nataka kwanza ujue kwamba nilikuja. Siku ya kukuzika nilikuja, Mwalimu. Sikufika, lakini nilikuja. Nitakueleza. Ila ngoja nianzie mbali, maana nikianzia hapo kalamu itakataa.

Unakumbuka nilivyoletwa wodini? Nilikuwa nimefungwa kwenye ubao, nywele zimejaa mchanga na maganda ya vitunguu. Lori la gulioni lilipinduka kwenye kona, nami nilikuwa nimekaa juu ya magunia na wanawake wenzangu kama tulivyozoea kila wiki. Wenzangu walichubuka, mmoja akavunjika mkono. Mimi niliamka nikiwa na miguu ninayoiona lakini haisikii kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Wiki tatu nzima niligeuzia uso wangu ukutani. Mama akinipa uji nafumba mdomo. Yule mchumba wangu alikuja mara mbili, mara ya pili akasimama mlangoni tu, kofia mkononi, kisha sikumwona tena.

Wewe ulikuwa kitanda cha dirishani. Ukuta wa jiko lako ulikuangukia siku ya mvua kubwa, ulipoingia kuokoa kuni zisilowe. Ulikuwa ukilisimulia hilo unacheka mpaka kitanda kinalia. Ulisema, "Nimevunja mgongo kwa ajili ya kuni, na kumbe zilikuwa mbichi."

Siku moja nesi alipita akanishika bega, akaniambia pole mdogo wangu, ndiyo bahati mbaya hiyo. Hakuwa na nia mbaya. Ukamjibu wewe kutoka kule dirishani: "Mbaya imeshapita, hatuna kazi nayo tena. Nzuri ndiyo hatujaitengeneza." Halafu ukaniita. "Wewe binti wa ukutani, unaitwa nani?" Nikanyamaza. "Basi nitakuita Ukuta mpaka utakapopata jina." Siku mbili nzima uliniita Ukuta. Ukuta, umeamkaje. Ukuta, chai imekuja. Siku ya tatu nikakugeukia kwa hasira nikasema naitwa Nakundwa! Ukatabasamu. "Umeona? Leo umetengeneza jina."

Toka siku hiyo hukuniacha. Kila asubuhi, madaktari hawajapita bado, unauliza: "Leo tunatengeneza bahati gani?" Nami nikawa sina pa kujificha. Bahati ya kwanza ilikuwa kushika kijiko mwenyewe. Ya pili kuinua kichwa mpaka uhesabu kumi. Nikifika sita dunia inazunguka, naona giza, narudi kwenye mto nalia, na wewe unaendelea kuhesabu kwa sauti kana kwamba sijashindwa, saba, nane, tisa, kumi. Kesho yake unaanza tena moja. Ulinifundisha kujigeuza kwa kuvuta chuma cha kitanda. Ulimtuma Upendo, binti yako, aninunulie kioo kidogo cha mkononi, ukanionyesha namna ya kukiweka nyuma nione ngozi yangu, kule ambako sisi hatusikii hata tukiungua. Ulisema, "Miguu imekwenda likizo, ngozi bado iko kazini. Ikaguliwe asubuhi na jioni." Ulinikagulia mpaka ujumbe wa simu. Nikiandika "xawa" unanijibu, "Hakuna neno hilo. Rudia." Mtu amelala chali miezi mitatu, anasahihisha tahajia!

Na viti. Hilo sitalisahau. Tulipokaribia kuruhusiwa hapakuwa na viti vya magurudumu vya kutosha, na watu walikuwa wanarudi kwao wakibebwa mgongoni, wakifika ndiyo basi, ni kitanda mpaka mwisho. Ukaomba karatasi. Ukaandika barua ukiwa umelala, daftari limeegemea chupa ya maji. Uliwaandikia wachungaji, watu uliosoma nao chuo, wanafunzi wako wa zamani walioko Dar na Mwanza, mpaka yule uliyewahi kumchapa kwa kutoroka shule. Mwezi mzima pakawa kimya. Mimi nikasema moyoni, sasa ataona. Kisha kikaja kiti kimoja. Kilikuwa na jina lako. Ukakataa kuondoka. Dada wa mazoezi akakubembeleza, Upendo akakasirika, na wewe unajibu, "Tulikuwa tunasubiri viwili." Ulikaa wodini siku kumi na saba zaidi, na kiti chako kipo hapo pembeni, mpaka cha pili kilipoletwa. Siku ile nilikuamini. Nilikuamini kila kitu, Mwalimu. Niliona kwa macho yangu bahati ikitengenezwa kwa kalamu, na mtu asiyeweza hata kukaa.

Tukaachana. Wewe ukapanda kwenu milimani, mimi nikashuka huku kwa Mama, kando ya barabara kuu. Mchanga wa Hedaru unaujua. Magurudumu yanazama, nasukuma yanazama zaidi. Nikakupigia nikilia. Ukaniuliza, "Mikono yako nayo ilikuwa kwenye lori?" Nikasema ilikuwepo. "Ilivunjika?" Haikuvunjika. "Basi usinipigie kuhusu magurudumu. Nipigie kuhusu mikono." Mama akaazima cherehani ya kuzungusha kwa mkono, nikaanza na mapindo, nikaja mashati, nikaja sare za shule. Miaka mitatu sasa. Wanafunzi wa nusu ya mji huu wamevaa mishono yangu, na kila mshono uliopinda nilikuwa nasikia sauti yako inasema rudia.

Na wewe huko juu! Uliponisimulia ile njia sikuamini mpaka Upendo aliponitumia picha. Shule iko juu ya nyumba yako, na njia iliyokuwepo ilikuwa ya mbuzi. Ukamwita mwenyekiti wa kijiji, ukamwambia kwamba darasa la nne halina mwalimu na mwalimu yupo, kinachokosekana ni njia. Wakaitisha msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Wazazi wakaja na majembe na sururu, wakachimba njia ya kuzunguka kilima taratibu ili kiti kisipande kwa ghafla, wakapanga mawe kingoni, na wewe umekaa kwenye kiti chako chini ya mwavuli, unasema hapo bado panainuka, teremsheni kidogo. Wengine walikucheka. Walisema mama huyu anataka barabara yake kama mkuu wa wilaya. Lakini walichimba. Na siku ya kwanza ulipoingia darasani, ulinipigia ukiwa bado unahema. Ulinisikilizisha tu watoto wakisema, "Shikamoo Mwalimu."

Ndiyo maana sielewi. Sielewi mpaka leo.

Kila Jumatano ulinipigia. Jumatano ile ya mwisho sauti yako ilikuwa inatetemeka. Nikakuuliza, Mwalimu unaumwa? Ukasema, "Baridi ya huku. Nyie watu wa tambarare hamuijui." Nikacheka. Nilicheka, Mwalimu. Nikakuambia uvae sweta mbili, nikaanza kukusimulia habari za mteja aliyeleta kitambaa kifupi akitaka gauni refu. Nilikusimulia dakika nzima. Nawe ulikuwa unasikiliza hivyo hivyo, meno yanagongana, na ulinisubiri nimalize.

Ijumaa mvua ikakata barabara yenu. Jumapili nasikia umeshushwa kwa machela. Wanaume wamekupokezana mabegani kutoka kijijini mpaka pale gari liliposimama, hatua kwa hatua kwenye matope, kisha ukakimbizwa Same hospitali. Nilimpigia Upendo mara ngapi sijui. Aliniambia ni homa kali, damu imeingia sumu, wanajaribu. Nilitaka kuja. Mama alikuwa ameshaanza kuuliza gari. Jumanne mchana nilikuwa nashona kola, simu ikaita, nikaona jina la Upendo, na nikajua. Sikupokea. Nilimaliza kola kwanza. Nisamehe. Niliona kama nisipopokea utakuwa bado upo.

Sasa nikueleze siku ya mazishi.

Kaka Ombeni, jirani yetu mwenye gari, alitupandisha mimi na Mama. Kiti changu kilikunjwa nyuma. Tulipanda vizuri mpaka karibu na kwenu, tukakuta barabara imemeguka, nusu yake imekwenda bondeni. Gari lililokuleta lilikuwa limesimama hapo hapo, na watu wamejaa, wengine na majani ya migomba kichwani kwa mvua. Wakakuteremsha. Wanaume wale wale waliokushusha wakiwa wanne wanne wakasogea kukupandisha. Niliwatambua kwa matope, suruali zao zilikuwa hazijakauka tangu Jumapili.

Mmoja wao akaja dirishani. Mtu mzima, mwenye mvi kidogo. Akasema, "Dada, tunajua wewe ni nani. Mwalimu alikuwa akikutaja. Tukishamfikisha tutakurudia, tukubebe." Nikaangalia ile njia, kamba tu ya udongo unaoteleza ubavuni mwa mlima. Nikaangalia mabega yake. Nikasema hapana kaka, mchukueni yeye, mimi nitakaa hapa.

Mwalimu, nilitaka akatae. Nilitaka aseme haiwezekani dada, lazima ufike. Alisimama kidogo, akaitikia kwa kichwa, akaenda. Alikuwa amechoka. Simlaumu. Mimi ndiye niliyesema.

Mama akaninong'oneza, "Nitatupa udongo mara mbili. Wa pili utakuwa wako." Akavua viatu, akavishika mkononi, akafuata msafara. Ana miaka sitini na minne, magoti yake unayajua.

Nikabaki. Kaka Ombeni akafungua mlango wa upande wangu ili nione mlima, akazima redio, akaenda kukaa kwenye jiwe mbali kidogo, kwa heshima. Nilikuona ukipanda mpaka mkakata kona. Baada ya hapo ilikuwa ni kusikiliza tu. Upepo ukielekea huku nilisikia kwaya, sauti ya pili na ya tatu kwanza, halafu ukigeuka nasikia mvua kwenye bati la gari. Ukungu ukashuka ukafunika kila kitu. Sikujua ni saa ngapi walikuweka chini. Sijui mpaka sasa. Nilikuwa nimeshika mkanda wa gari kwa mikono miwili, mikono hii uliyoisifu, na haikuwa na kazi yoyote. Watu walikuwa wanakuzika umbali ambao mtoto wa miaka mitano angeumaliza kwa kukimbia, nami sikuweza hata kushusha mguu mmoja kwenye matope.

Hapakuwa na bahati ya kutengeneza pale. Nilitafuta. Nakuapia nilitafuta.

Walipoanza kushuka, Upendo alikuja moja kwa moja kwenye gari. Kanga yake ilikuwa imelowa mpaka kiunoni. Akachuchumaa kwenye mlango, akashika mikono yangu, tukalia kwanza. Kisha akaniuliza kwa upole, wala hakuwa na ukali, "Dada Nakundwa, na wewe alikukataza usituambie?" Nikamwambia kuniambia nini? Akanitazama. Akaona kweli sijui.

Ndipo akanieleza. Kwamba kidonda ulikuwa nacho tangu kabla ya mtihani wa darasa la nne. Kwamba wifi yako Naomi alikiona wakati wa kukuogesha, kidogo kama sarafu, ukamkataza kwa ukali. Kwamba ulisema, "Nikisema watanilaza kifudifudi miezi miwili, na watoto watafanya mtihani na nani?" Ukakaa kwenye kile kiti toka asubuhi mpaka jioni, ukiwafundisha hata Jumamosi, na kidonda kikachimba kimya kimya mahali usiposikia, mpaka kikafika mfupani. Wifi yako alikuwa anabadilisha kitambaa analia, na wewe unamwambia wiki mbili tu, tumebakiza wiki moja, tumebakiza siku tatu. Watoto walifanya mtihani wote. Hakuna hata mmoja aliyekosa. Na Upendo akasema, "Mimi nilijua wewe anakuambia. Alisema wewe anakuambia kila kitu."

Kila kitu.

Mwalimu, mbona hukusema?

Nimekuuliza hili swali kwa upole, nimekuuliza kwa matusi, samahani, nimekuuliza nikiwa nimefunika uso kwa shuka. Wewe ndiye uliyenipa kioo. Wewe ulinipigia saa moja asubuhi kuuliza umekagua? Ulijua kuliko manesi. Nilikuwa hapa chini, na simu, na Kaka Ombeni ana gari, na barabara wiki zile ilikuwa bado nzima. Ungesema neno moja ningekuja kukupigia kelele mpaka ukubali kulala. Ulinifundisha kila siku kutengeneza bahati, na yako ilikuwa neno moja tu, na ulilimeza.

Au uliona ukisema umezidiwa, mimi nitavunjika? Ndilo linaloniuma. Pengine nilikuamini mno. Pengine ulinihesabia kumi siku nyingi mpaka ukaona huna ruhusa ya kuishia sita.

Tangu turudi, sitakudanganya, sikuwa sawa. Watu walikuja kunipa pole. Wakasema alikuwa jasiri, wakasema usilie, yeye asingependa, fikiria mazuri. Nikaitikia. Wakiondoka nageukia ukuta. Ukuta wa hapa nyumbani una ufa unaofanana na mto, nimeujua wote. Sikugusa cherehani. Vitambaa vya sare za Januari vimerundikana, wazazi wengine wameshakuja kuvichukua kimya kimya wapeleke kwingine. Mama akija kunigeuza namwambia niache. Akileta kioo nakiweka chini ya mto. Nilifikiri, kwa nini nijikague mimi, kama aliyenifundisha hakujikagua? Siku kumi na moja nilifanya hivyo. Nilikuwa nakukomoa, nafikiri. Unamkomoaje mtu aliyekufa?

Siku ya kumi na mbili Mama alikuwa ananiogesha, akanyamaza ghafla. Mama yangu huwa hanyamazi akiniogesha, huimba. Nikamwuliza nini. Akasema, "Hakuna kitu." Nikajua kwa sauti. Nikachukua kioo, nikakiweka, na nikaona. Juu kidogo ya makalio, upande wa kulia. Pamekuwa peusi katikati, pekundu pembeni. Ngozi imeshafunguka.

Hapo nilikaa na kile kioo sijui muda gani. Nilikuwa naona mgongo wako.

Na unajua wazo langu la kwanza lilikuwa nini? Nisiseme. Nimwambie Mama ni mchubuko, tupake mafuta. Mama amechoka. Kazi zimesimama. Nikilala kifudifudi nani ataongea na wateja? Kila sababu uliyokuwa nayo wewe, nilikuwa nayo. Zilikuja zote kwa pamoja, na zilikuwa sababu nzuri kabisa, hata moja haikuwa ya kijinga. Nilikuelewa Mwalimu. Kwa dakika chache nilikuelewa kabisa, na niliogopa kuliko siku ya lori.

Nikamwita Mama. Nikamwambia hiki ndicho kilichomuua Mwalimu. Akaketi chini sakafuni.

Kaka Ombeni akanipeleka zahanati. Nesi Rehema akakisafisha, akakata kilichokufa, sikusikia kitu, nilikuwa naangalia uso wake nijue ni kiasi gani. Akasema bado hakijafika mbali, lakini akasema pia hawezi kuniahidi. Nisikae wala kulala chali. Wiki sita, labda nane. Tangu hapo niko kifudifudi, mto chini ya kifua, na barua hii naiandika hivyo, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka. Ungeirudisha hii barua. Ungeandika kwa wino mwekundu, andika kwa utulivu.

Nje mabasi yamejaa. Wapare wanarudi nyumbani kwa Krismasi, nasikia mizigo inavyoshushwa, watu wanavyoitana, magari madogo yakinguruma kupanda milimani. Barabara yenu wameijaza mawe pale ilipomeguka, Upendo anasema gari dogo linapita kwa shida. Darasa lako wamempa kijana aliyetoka chuo mwaka huu. Njia yako ipo, ila nyasi zimeanza kuota kwenye kingo, maana hakuna mwingine wa kuipita kwa kiti. Nimefikiria sana hiyo njia. Ningependa kusema nitaipita mimi. Sijui. Sasa hivi siwezi hata kuona dirisha bila Mama kunigeuzia kichwa cha kitanda.

Sina la kukuambia linalotia moyo. Nimejaribu lile swali lako la asubuhi, nalitamka kwa sauti yangu halinogi, linakuwa kama nguo ya mtu mwingine. Nadhani ulikuwa sahihi nusu. Kiti hiki ulikitengeneza kweli. Jina langu ulilitengeneza. Lakini mvua hatukuitengeneza sisi, wala hatukuweza kuizuia, na kuna siku mtu anatakiwa alale kifudifudi tu, akubali kwamba hana la kufanya, na watu wengine wafanye. Hilo hukunifundisha. Labda na wewe hukufundishwa.

Jana Nesi Rehema alipitia nyumbani baada ya kazi kubadilisha dawa. Akauliza kama wanavyouliza wote, unaendeleaje? Nilikuwa na jibu tayari, lile tulilokuwa tunawapa madaktari pamoja, tunaendelea vizuri sana, huku wewe umeinua kidole gumba. Likafika kinywani. Nikasema, "Naogopa."

Akasimama na mkasi wake. Mama akageuka kule jikoni. Nikasema tena, naogopa, na sijui kama kitapona, na sitaki kuwa peke yangu na hiki kidonda.

Nesi akaweka mkasi kwenye sinia. Akavua viatu vyake vya kazi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, pembeni ya kichwa changu, na hakusema chochote kizuri. Alikaa tu. Mama naye akaja akakaa upande wa pili. Jua lilikuwa bado lipo. Tulikaa hivyo watatu muda mrefu, na hakuna aliyehesabu.

Basi Mwalimu wangu, mkono umekufa ganzi, nisimame hapa. Siwezi kukuahidi kupona. Siwezi kukuahidi hata kwamba nitakuwa na moyo kama wako. Nakuahidi kitu kimoja, na nitakishika kadiri nitakavyoishi, iwe wiki sita au miaka arobaini: nikizidiwa, nitasema nimezidiwa. Nitamwambia aliye karibu, hata kama amechoka, hata kama kuna mtihani kesho.

Pumzika, Mwalimu. Huku chini tumekusamehe. Mimi bado kidogo, lakini nitafika.

Wako,
Nakundwa